Kupenda wimbo wa kipuuzi na kuchukia kuimbiwa mezani

Dada yangu, umeuliza inakuwaje "Jambo Bwana" unaupenda tangu utotoni, ila bendi ya hoteli hapa Malindi ikija kuupiga mezani kwenu unakereka. Mimi sioni mgongano wowote.

Wimbo ni mwepesi kweli, salamu na kukaribisha wageni basi. Them Mushrooms, bendi ya Kenya, waliutoa 1982, na mwaka uliofuata kundi la Ulaya la Boney M. nao wakauimba kwa namna yao. Sisi haukutuingia kwa hekima yake. Uliingia kwa kurudiwa, redioni na harusini, pamoja na harufu ya viazi karai na kicheko cha mama. Nyimbo za utotoni na ujanani hung'ang'ania kichwani kuliko zilizokuja baadaye, ziwe na maana au zisiwe nayo. Usiuonee haya hata kidogo.

Kuimbiwa ukiwa unakula ni jambo jingine, maana hukuchagua. Tena maneno unayoyaelewa hushindana na maneno ya mwenzako; ala tupu zingekusumbua kidogo tu. Mtalii wa Italia anafurahia sauti. Wewe unasikia kila neno, na huku shangazi anakuhadithia habari za msiba!

Mwambie mhudumu mapema kwamba mna mazungumzo. Wakija hata hivyo, sema kwa upole, "Samahani kaka zangu, mtupigie baadaye," na bakshishi uwape vilevile, wanatafuta riziki. Mkishamaliza chai waite mwenyewe, na uwaombe wapige chakacha, ngoma yetu ya Pwani.