Mwanangu, kuhusu michirizi ya ndege

Mwanangu mpendwa,

Swali lako limenifikia: mbona ndege mbili zikipita anga ileile, mchirizi wa moja hufutika papo hapo na wa nyingine hubaki hadi ukatanda kama wingu? Rafiki zako wanasema ule unaobaki ni kemikali tunazonyunyiziwa kwa siri.

Kwa kuuliza tofauti hiyo ya michirizi umegusa penyewe, maana jibu limo humo, si kwenye kemikali. Mafuta ya ndege yakiungua hutoa maji; kilo 1 ya mafuta hutoa kilo 1 na ushei ya mvuke. Huko juu, kilomita 8 hadi 12, baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri na kuzidi, hivyo mvuke huganda kuwa chembe za barafu. Hewa ikiwa kavu, barafu hupotea mara moja. Ikiwa imeshiba unyevu, chembe hudumu, hunenepa, na upepo huzitandaza. Na hizo ndege unazoona kama zimeongozana huenda zimeachana mita 300 au zaidi kwa urefu, kila moja kwenye tabaka lake la hewa.

Wakikwambia zamani michirizi hiyo haikuwapo, watafutie picha za anga la Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Imejaa.

Kushuku sikukatazi. Jeshi la Marekani lilinyunyizia kemikali mawingu ya Vietnam na Laos kati ya 1967 na 1972, ili mvua iharibu njia za adui, na lilificha. Lakini waandishi wa habari waliyafichua vita ingali inaendelea. Sasa fikiria madai haya: maelfu ya ndege za abiria kila siku, mafundi, marubani, wajaza mafuta, na hakuna hata mmoja aliyeleta pipa tukalipima! Mwaka 2016 wanasayansi 77 wa hewa na udongo waliulizwa; 76 walisema hawajaona ushahidi wowote.

Kinachonikera ni kwamba michirizi inayotanda kweli ina madhara, na hayo hawayasemi: huzuia joto la dunia lisitoke, kama mawingu membamba ya juu yafanyavyo, hasa usiku. Watafiti wanajaribu kuzipitisha ndege juu au chini kidogo zikwepe hewa yenye unyevu.

Ukiona tena ndege mbili za namna hiyo, fungua programu ya kufuatilia ndege, andika urefu wa kila moja, kisha unitumie.

Baba yako