Jibu: Altaneta ya Hilux ya zamani ya dizeli

Assalamu alaykum, ndugu yangu. Umeuliza kama altaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka) ya ampea 80 iliyotolewa kwenye gari ya petroli, uliyoiona ikiuzwa Darajani, itafaa kwenye Hilux yako ya dizeli yenye injini ya Toyota iitwayo 2L (ni jina la injini, si lita mbili), unayobebea karafuu huko Pemba. Kwa maoni yangu usiinunue, hata kama bei yake ni nafuu. Altaneta ya injini hiyo hubeba nyuma yake pampu ya vakyumu, yaani ya kufyonza hewa, inayolainishwa kwa oili ya injini, na pampu hiyo ndiyo inayoipa nguvu busta ya breki, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki. Ukifunga isiyokuwa nayo, betri itachajiwa vizuri lakini kanyagio la breki litakuwa gumu mno, jambo ambalo kwenye miteremko ya Pemba, mzigo ukiwa nyuma, ni hatari kubwa.

Tafuta iliyotoka kwenye injini kama yako, pampu ikiwa imo, kisha linganisha puli, masikio ya kufungia na soketi ya waya. Hakikisha ni ya volti 12, kwani baadhi ya gari za dizeli kutoka Japani hutumia 24. Ampea zikizidi kidogo hazidhuru.

Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha, nakuomba usafishe viungo vya waya wa athi, yaani ule unaounganisha betri na bodi na injini, maana hewa ya chumvi ya visiwani kwetu huvila, na altaneta iliyo nzima ikalaumiwa bure. Baada ya hapo pima kwenye betri injini ikiwa inanguruma: ukipata kati ya volti 13.8 na 14.4, uliyonayo bado inachaji.