Wiki moja pwani ya Tanga na Pangani: kaa sehemu moja, zunguka kutokea hapo

Mkuu, umesema una likizo ya wiki moja, uko na mkeo na watoto wawili, gari ni ndogo ya kawaida, mnatoka Dar, na unataka kupita Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga mkilala kila usiku mji mwingine. Wadau waliokujibu kabla yangu wamekutajia hoteli. Mimi napinga mpango wenyewe. Usihamehame. Chagua sehemu moja, shusheni mizigo, kisha mnatoka asubuhi na kurudi jioni.

Watoto ni sababu mojawapo. Kufunga mabegi kila asubuhi, kukabidhi chumba, kutafuta kiatu kimoja kilichopotea chini ya kitanda, mkija kuwasha gari ni saa tano na jua la pwani limeshapamba moto. Lakini sababu kubwa ni bahari. Ukijipangia Pangani siku ya Jumanne na Jumanne hiyo upepo ukawa mkali, umekosa, maana Jumatano unatakiwa uwe mji mwingine. Ukiwa na kituo kimoja unabadilisha siku tu. Leo bahari chafu, tunapanda mlimani. Kesho imetulia, tunaingia kwenye boti.

Kituo chenyewe ningekiweka Tanga mjini. Najua wengi watakutajia ufukwe wa Ushongo, na kwa kweli Ushongo ni pazuri kuliko Tanga kama unataka kufungua mlango na kukanyaga mchanga. Ila Ushongo iko ng'ambo ya mto Pangani, na kila safari ya kuelekea kaskazini ni lazima kwanza uvuke. Tanga una lami, benki, hospitali, fundi wa kila aina, na jioni watoto unawapeleka ufukwe wa Raskazone kuogelea bila safari ndefu. Kutoka Dar ni kama kilomita 350 kwa njia ya Chalinze na Segera. Ondokeni alfajiri, na kwenye vijiji heshimu ile 50, trafiki wa barabara ile hawalali.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wa bara tunalidharau: maji kupwa na kujaa. Pwani hii tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, inafika mita tatu na zaidi. Maana yake ufukwe uliouona asubuhi, mchana haupo, au ule uliouona kwenye picha una maji ya buluu, wewe unaukuta tope na mwani mpaka mbali huko. Watu wanarudi wakilalamika kwamba wamedanganywa na picha, kumbe wamefika saa mbaya tu.

Kanuni ni nyepesi. Bamvua huja mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo, pamoja na siku moja mbili baada yake. Katika pwani hii siku za bamvua maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, halafu hujaa alasiri. Kila siku inayofuata, saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ikipita wiki mnaingia maji mafu, tofauti inakuwa ndogo, na hapo saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, angalia kwanza mwezi. Kama wiki yenu inaangukia bamvua, asubuhi ni ya kutembea kwenye miamba na kwenda visiwa vya mchanga, kuogelea ni alasiri. Kama ni maji mafu, geuza. Simu yoyote itakupa jedwali la maji, lakini mvuvi yeyote pale ufukweni atakuambia bila hata kuangalia simu.

Na hii ndiyo inayoamua siku ya Maziwe. Maziwe ni kifungu cha mchanga baharini, mbele ya Pangani na Ushongo, eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa kisiwa hasa, chenye miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga kwa wingi. Miti ikaisha, mawimbi yakala ardhi, na leo maji yakijaa Maziwe yote inazama. Kasa bado wanakuja kutaga pale, mayai yasipohamishiwa ufukwe wa bara yanaharibiwa na maji. Unapokaribia kwa boti unaanza kuona mstari mweupe juu ya maji, mwembamba, unadhani ni povu. Kisha unaona ndege wamesimama juu yake, na unaelewa kwamba wamesimama kwenye mchanga. Mkishuka, watoto wanazunguka kisiwa chote kwa miguu huku maji yakiendelea kupwa na kisiwa kikiongezeka mbele ya macho yenu. Matumbawe yako pembeni, samaki wa rangi unawaona kwa miwani tu ya kuzamia.

Hakuna kivuli hata cha kuweka kopo la maji. Kofia, shati la mikono mirefu la kuogelea nalo, maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, na viatu vya mpira kwa sababu ya wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye mawe. Majaketi okozi yahesabu na uwavalishe watoto kabla boti haijasukumwa, usikubali lile la "yapo mbele huko". Na nahodha akisema tuondoke, ondokeni. Yeye anaijua saa ambayo kisiwa kinaondoka.

Miezi nayo ina neno lake. Masika, Machi hadi Mei, achana na boti na barabara za vumbi. Upepo wa kusi ukishika kasi, Juni na Julai hasa, hali ya hewa ni nzuri, hakuna joto, lakini bahari ya nje ina mawimbi na watoto watatapika. Wakati wa upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba, joto linapanda ila bahari mara nyingi inaingilika. Mimi binafsi naipenda Oktoba na Novemba, pale pepo zinapobadilishana na maji yanakuwa maangavu, hata kama mvua za vuli zinaweza kukushtukiza.

Siku ya Pangani yenyewe unganisha na Tongoni, ziko njia moja. Tongoni ni chini ya kilomita 20 kusini mwa Tanga. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya pwani ya Afrika Mashariki. Nguzo nyingi zimeanguka. Sogea karibu na zile kuta utaona vishimo vya duara kwenye chokaa: humo ndimo zilipachikwa bakuli za kauri zilizokuja kwa jahazi kutoka mbali. Baharini mbele ya pale ndipo Vasco da Gama, akirudi kutoka India mwaka 1499, aliichoma moja ya meli zake, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuziendesha zote. Lipia kiingilio, chukua mwongozaji, nusu saa mpaka saa nzima inatosha.

Pangani mjini tembeeni kwa miguu. Ni mji ambao uko kama mtu aliyesinzia kwenye kiti cha barazani, milango ya kuchonga, boma la zamani, mto mpana unaopita pembeni. Watoto wa shule waambie kwamba hapa ndipo Abushiri bin Salim aliwasha vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na hapa hapa alinyongwa Desemba 1889. Wasome nusu saa, wakacheze. Vaeni kwa staha mnapotoka ufukweni, ni mji wa watu. Kula samaki na wali wa nazi, na kama ni Ramadhani beba chakula cha watoto kutoka Tanga. Barabara ya Tanga hadi Pangani na daraja la mto Pangani ni sehemu ya ile barabara ya pwani inayokwenda Saadani na Bagamoyo, ujenzi umekuwa wa vipande vipande, hivyo uliza hali yake wiki ileile ya safari. Usimuulize mtu aliyepita mwaka jana.

Mapango ya Amboni yako karibu, kilomita nane hivi kaskazini mwa mji, njia ya Horohoro. Ni nusu siku. Tochi, viatu visivyoteleza, na mtu anayeogopa popo abaki nje.

Siku bahari ikichafuka, nendeni hifadhi ya msitu ya Amani, milima ya Usambara ya Mashariki, kupitia Muheza. Hii ndiyo safari watu wanaoifuata pwani huisahau, na mimi naiweka juu ya ufukwe wowote isipokuwa Maziwe. Unatoka kwenye minazi na mikonge, unapita kwenye machungwa ya Muheza, na muda si mrefu umefungua vioo kwa sababu hewa imekuwa ya baridi. Msitu mnene, vijito, vipepeo, bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kwenye mawe yenye unyevunyevu kuna lile ua dogo la zambarau ambalo dunia nzima inalipanda kwenye vyungu vya dirishani, asili yake ni milima hii. Na mto Sigi unaoanzia humo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, ambako mji wa Tanga unapata maji. Gari lako ndogo litafika Muheza bila shida. Kutoka pale kupanda ni vumbi na kona, na baada ya Sigi, kwenye lango la hifadhi, mwinuko unakuwa mkali. Liegeshe Muheza, kodi gari la juu lenye dereva wa kule. Tairi la akiba lipulizwe upepo kabla, si pale linapohitajika.

Saadani na Bagamoyo ningeziondoa kabisa kwenye wiki hii. Bagamoyo ni safari ya siku moja kutoka Dar wikiendi yoyote, magofu ya Kaole yakiwemo. Saadani, hifadhi pekee ya taifa nchini inayopakana na bahari, inataka gari la foo wili, inataka mlale ndani au jirani, na inataka asubuhi nzima ya boti mto Wami kuangalia viboko na mamba. Ukiipitia kwa kupenyapenya kutoka Pangani na gari la chini utaona mashimo tu. Kibali chake ni cha saa 24 na hulipi kwa fedha taslimu, kwa hiyo ni hasara kuingia jioni na kutoka asubuhi.

Hujataja mwezi wala tarehe. Ziweke hapa, tuangalie mwezi unaandama lini, nikuambie siku ipi iwe ya Maziwe na ipi ya Amani.