Nywila Moja Kupitia Faiawoli

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia kompyuta za chama cha ushirika cha korosho hapa Mtwara. Msimu wa minada ukifika, makarani wetu walioko maghalani Masasi na Newala huingia kwenye seva ya ofisi kwa VPN (njia ya siri kupitia intaneti) ya faiawoli, kifaa kinacholinda mtandao wetu. Walikuwa na nywila mbili, ya barua pepe na ya faiawoli, nami nimeziunganisha kwa SAML, utaratibu ambao huduma ya akaunti hukagua nywila kisha huitumia faiawoli uthibitisho, ili wabaki na moja. Sasa nywila inakubaliwa, lakini faiawoli inamkataa karani papo hapo. Tatizo ni nini?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, maadamu nywila inakubaliwa, huduma inayotunza akaunti zenu imetimiza kazi yake, kinachokwama ni faiawoli kuupokea uthibitisho inaoletewa. Anza na saa. Uthibitisho wa SAML huandikwa muda wa kuanza na wa kwisha, mara nyingi dakika chache tu, hivyo faiawoli ambayo saa yake imechelewa au imetangulia kwa dakika 10 huuona kuwa haujaanza au umekwisha. Umeme ukikatika na betri ndogo ya saa ikiwa imechoka, kifaa huweza kuwaka na tarehe ya zamani. Kiunganishe na seva za saa kwa NTP, utaratibu wa kusawazisha saa kupitia mtandao, na ukifungulie poti 123 ya UDP, yaani mlango ambao NTP hupitia.

Saa ikiwa sawa, linganisha herufi kwa herufi anwani ya kupokelea uthibitisho, kwani hata alama moja ya mkwaju (/) iliyozidi mwishoni hutosha kuukataza. Kisha kagua cheti cha kidijitali cha huduma ya akaunti, ambacho faiawoli hukitumia kuhakiki saini ya uthibitisho, na jina la kundi la makarani, liwe lile lile pande zote mbili.

Lililo kubwa zaidi ni hili: nywila moja ikiibwa sasa hufungua kila kitu, kwa hiyo msiwaache makarani bila hatua ya pili ya kujitambulisha baada ya nywila. Ninapendelea programu ya simu inayotoa namba mpya kila sekunde 30, kwa sababu haisubiri ujumbe mfupi ufike ghalani. Vilevile futeni akaunti zote za zamani za makarani ndani ya faiawoli, la sivyo karani wa msimu aliyeondoka atabaki na njia yake ya kuingilia. Mwachieni msimamizi akaunti moja tu ya dharura, isiyofikika kutoka intaneti. Na siku mnapomfungia mtu akaunti, mkateni pia kwenye faiawoli yenyewe, kwa sababu VPN aliyokwisha kuiwasha huweza kuendelea hadi muda wake uishe.