Maswali ya Wasomaji: Yulia Tymoshenko alifungwa kwa kosa gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, Yulia Tymoshenko, mbunge na waziri mkuu wa zamani wa Ukraine, husifiwa na wengine kuwa mfungwa wa kisiasa aliyeonewa, huku wengine wakimlaumu kwa kuitia nchi yake hasara katika mkataba wa gesi. Naomba mnifafanulie ukweli uko wapi.
— Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, hapo pana maswali mawili, na tukiyachanganya hatutamtendea haki yeye wala wananchi wa Ukraine: la kwanza ni kama mkataba ule ulikuwa mbaya, na la pili ni kama kuusimamia kulikuwa jinai.

Januari 2009, katikati ya baridi kali, Urusi ilisitisha gesi yote iliyopitia Ukraine kwenda Ulaya kwa takriban wiki mbili, na nchi kama Bulgaria na Slovakia zikabaki katika shida kubwa. Tymoshenko, aliyekuwa waziri mkuu kwa mara ya pili, alikwenda Moscow kukubaliana na Vladimir Putin, na tarehe 19 mwezi huo kampuni za Naftogaz ya Ukraine na Gazprom ya Urusi zikatia saini mkataba wa miaka 10. Kampuni ya kati iliyokuwa ikivuna faida katika biashara hiyo, RosUkrEnergo, iliondolewa, na hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, bei ya msingi ilikuwa dola 450 kwa kila mita za ujazo 1,000, na Ukraine ilibanwa kulipia sehemu kubwa ya gesi iliyopangwa hata kama isingeichukua. Kwa maoni yetu masharti hayo yalikuwa mazito mno, na wanaomlaumu kwa hilo wana hoja.

Mwaka 2010 alishindwa na Viktor Yanukovych katika uchaguzi wa urais kwa tofauti ya asilimia zisizofika 4. Mwaka uliofuata alishtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka, kwamba aliielekeza Naftogaz kuingia mkataba bila idhini ya baraza la mawaziri, na tarehe 11 Oktoba 2011 akahukumiwa kifungo cha miaka 7. Tunaandika kwa uchungu kwamba hapo ndipo haki ilipopinda, kwa sababu uamuzi wa kiserikali, hata ukiwa na hasara, huhukumiwa na wapiga kura na Bunge, na mpinzani aliyeshindwa kwa kura chache hapaswi kuwekwa gerezani na serikali ya aliyemshinda. Aprili 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba kuwekwa kwake mahabusu kabla ya hukumu kulikuwa kwa kiholela na kulifanywa kwa nia isiyoruhusiwa na sheria. Novemba mwaka huo Bunge la Ukraine lilikataa miswada ambayo ingemruhusu kutibiwa nje ya nchi, siku ileile serikali iliposimamisha maandalizi ya makubaliano na Umoja wa Ulaya. Maandamano yaliyofuata yalimng'oa Yanukovych, na Tymoshenko akaachiwa tarehe 22 Februari 2014. Baadaye mwaka huo Mahakama ya Juu ilifuta kesi yake.

SWALI: Je, utajiri wake wa awali ulitoka wapi?
— Msomaji, Nakuru

JIBU: Kabla ya kuingia bungeni alikuwa mkuu wa kampuni ya United Energy Systems of Ukraine, iliyoagiza gesi ya Urusi miaka ya 1990 na kustawi sana wakati Pavlo Lazarenko, aliyekuwa waziri mkuu wa Ukraine, akiwa na mamlaka serikalini. Lazarenko alitiwa hatiani Marekani mwaka 2004 kwa makosa ya utakatishaji wa fedha, lakini Tymoshenko hakushtakiwa katika kesi hiyo. Nyumbani alikamatwa Februari 2001 kwa tuhuma za wakati akiongoza kampuni hiyo, akakana, na mahakama ya Kyiv ikamwachia baada ya wiki chache.