Phin inagoma, na Hanoi nile nini?

SWALI: Habari za kazi. Nimeletewa phin, kile kichujio kidogo cha kahawa cha Vietnam. Nikitia kahawa ya unga ya dukani, maji hayashuki. Nikiweka unga kidogo, inatoka nyepesi kama chai ya rangi. Nakosea wapi? Tena Januari nakwenda Hanoi kikazi, nami ni Mwislamu. Barabarani nile nini?
Msomaji, Area C, Dodoma

JIBU: Phin haina kosa, dada, tatizo ni unga. Kahawa nyingi ya dukani husagwa laini kwa ajili ya kuchemsha, na kwenye phin inageuka tope linaloziba vitundu. Tafuta buni zilizokaangwa, robusta ya Kagera ikipatikana, maana Wavietnam nao hutumia zaidi robusta. Saga chenga za ukubwa wa punje za sukari.

Tia gramu 20, tikisa zikae sawa, weka kile kisahani cha ndani juu yake bila kushindilia. Mimina maji mililita 20, subiri nusu dakika unga uvimbe, kisha ongeza 80 na ufunike. Yashuke kwa dakika 4 hadi 5. Yakiisha kabla ya 3, saga laini zaidi. Yakipita 7, saga chenga kubwa zaidi. Maelekezo ya pakiti yanayosema maji yapoe kwanza hayakuhusu: Dodoma iko juu kiasi cha mita 1,100, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ila tumia ya chupa, haya yetu ya visima yana chumvichumvi.

Kwenye glasi tangulize vijiko 2 vya maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Koroga kahawa ingali ya moto, ndipo utie barafu. Ukiwahisha barafu maziwa yanagandia chini.

Hanoi, kinywaji hicho kiagize kwa jina la nâu đá. Januari kuna baridi, afadhali nâu nóng, ya moto. Cà phê trứng hupigwa kwa kiini cha yai kibichi. Mwenye tumbo jepesi aiache.

Chakula ndicho kigumu. Bún chả, tambi na nyama ya kuchoma, ni nguruwe mtupu, na bánh mì, mkate wa kujazwa, hata wa yai, mara nyingi hupakwa maini ya nguruwe yaliyosagwa. Phở ni supu ya tambi: phở bò ni ya ng'ombe na phở gà ya kuku, lakini pasipo alama ya halali usidhani kuna mchinjo wa Kiislamu. Tafuta kibao chenye neno "chay": hapo hapapikwi nyama, na phở chay hupatikana. Msikiti wa Al-Noor uko mtaa wa Hàng Lược, mji mkongwe. Waulize waumini wa pale mgahawa wa halali wanaoutumia.