Mume wangu ameacha pombe, lakini mikutano yake inanitia aibu

*Shangazi, mume wangu alikunywa kwa miaka 11. Sasa ana miezi 8 hajagusa pombe. Kila Jumanne jioni huenda kwenye kikundi cha watu wanaoacha ulevi, na mimi huwaambia watu yuko kwaya. Juzi shemeji yangu aligundua, akamcheka mbele ya wote: "Mwanamume mzima unakwenda kuwalilia wageni!" Mwezi ujao mdogo wao anaoa, na familia inataka naye anywe walau glasi moja ya kuwatakia heri maharusi. Nimechoka na maneno. Nitakosea nikimwomba aache mikutano, maadamu ameshapona? – Mama Wawili*

Mwanangu Mama Wawili,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama hapo kwenye kwaya. Kwa miaka 11 mumeo alirudi akipepesuka, pengine akibebwa, na majirani walimwona. Leo anatoka kwa miguu yake, hajaonja tone, na ndipo unapomtungia uongo.

Sikulaumu. Aibu hiyo umefundishwa. Mlevi watu wamemzoea: wanamcheka, wanamhurumia, hata kumnunulia wanamnunulia. Anayewasumbua ni yule anayetamka kwa kinywa chake kwamba pombe imemshinda na anataka msaada, kwa sababu akishasema hivyo kila aliye karibu naye hujikuta akiitazama glasi yake mwenyewe. Hapo ndipo kinapotoka kicheko cha shemeji yako.

Nami nilificha. Marehemu kaka yangu alikuwa hawezi kushika kikombe asubuhi mpaka azimue. Mikono ilimtetemeka hadi kikombe kikagonga meno. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia barua za kazini kwamba ana homa. Niliandika nyingi mno. Nilidhani namlinda, kumbe nilikuwa namfungia mlango, kwa maana katika nyumba ambayo wote wanasema ni homa, angemwambia nani kwamba ni pombe?

Sasa hayo ya "kuwalilia wageni". Jina la kikundi cha mumeo hukulitaja, ila vingi vya namna hiyo vimefuata mfano wa Alcoholics Anonymous, iliyoanzia Akron, Ohio, nchini Marekani, mwaka 1935. Mmoja wa waanzilishi wake, Bill Wilson, alikuwa ametoka New York kwenda huko kikazi, biashara ikamwendea kombo, naye alikuwa na miezi michache tu tangu aache kunywa. Alipohisi anakaribia kurudia, alimtafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Angalia vizuri hapo: hakwenda kuhubiri wala kulia, alikwenda kwa sababu alihitaji mtu anayeijua kiu ile ili yeye mwenyewe asinywe. Smith alikunywa mara ya mwisho Juni 10 mwaka huohuo. Kwa hiyo wale wa Jumanne si wageni kwa mumeo. Katika jambo hili, mgeni ni shemeji.

Na neno "ameshapona" liweke kando. Wengi katika vikundi hivyo hawalitumii, wanahesabu siku. Mwili uliozoea pombe miaka 11 hausahau kwa miezi 8: harufu, ugomvi, hata furaha, vyote vinaweza kuamsha kiu. Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalopima ushahidi wa tiba, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000, na programu za kuwaunganisha watu na Alcoholics Anonymous zilionekana kuwasaidia wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Si kila mtu anafaidika na kikundi. Wapo wanaosaidiwa na dawa au mshauri. Lakini mumeo kinamfaa, na ushahidi unalala naye kitanda kimoja. Usimwombe aache.

Kuhusu harusi, kaeni wawili kabla ya siku hiyo, umuulize anataka iweje. Huenda akataka msiende kabisa, mkubalie. Mkienda, afike ameshika kinywaji chake mwenyewe, na mpatane ishara ya kuondoka, bila kuaga kwa muda mrefu. Atakayesema "glasi moja haiui", mjibu wewe: "Shemeji, kwake hakuna moja." Usicheke unapolisema.

Ikitokea akateleza, akanywa kwa siku kadhaa mfululizo, usimfungie ndani ukimlazimisha kukata ghafla. Mtu aliyezoea kunywa sana anaweza kupata degedege akiacha kwa mkupuo. Mpeleke hospitali.

Nawe je? Miaka 11 ulikuwa ukisikiliza hatua zake mlangoni. Tangu mwaka 1951 kuna Al-Anon, vikundi vya wake, waume, wazazi na watoto wa walevi, na humo hutaulizwa kwa nini hukuondoka. Muulize pia mumeo kama wana mikutano ya wazi, ile wanayoruhusiwa hata wasio walevi. Akikukaribisha, nenda ukakae nyuma usikilize.

Simaanishi uwatangazie watu habari zake. Hiyo ni siri yake, na katika vikundi hivyo kutotajana nje ni sharti la heshima. Ila siri haihitaji kwaya. Jumanne hii mtu akikuuliza yuko wapi, sema: "Ametoka, atarudi saa tatu."

Shangazi yako